Gorogoro

Swali la kumi na saba:
"Kuna watu wanaonifuata."
Wekulo alicheka hata kiti kikalia.
"Andika ndiyo. Kwa herufi kubwa.
Juzi wamenifuata toka Ronald Ngala hadi Muthurwa,
kanjo wanne, na rungu, na gari lisilo namba,
wakaondoka na soksi zangu dazeni sita."
Nikatia alama kwenye Ndiyo.
Karatasi haina mahali pa soksi.

Chumba chetu kiko Ngara, juu ya duka la miwani.
Chini wanauliza: unaona herufi gani?
Juu tunauliza: wewe ni nani,
ukijipima toka moja hadi tano?

Maswali haya yalikuja na ndege.
Mimi ndiye niliyeyavisha Kiswahili,
baada ya ofisi fulani kuyavisha vibaya.
Waliandika, "Mara nyingi najisikia buluu,"
na mzee mmoja wa Makongeni akajibu kwa heshima
kwamba yeye hashabikii timu yoyote.
Nikafuta buluu, nikaandika huzuni.
Lakini huzuni ya nani? Huzuni ya kwetu
hukaa mgongoni, hukaa tumboni,
huambiwa daktari kama kiungulia.

Bi Nyanchoka alikataa kabisa namba nne.
"Nakubali kiasi? Kiasi gani, mwanangu,
cha debe, cha gorogoro, au cha kiganja?"
Nikamsomea: "Mimi ni mchangamfu kwenye karamu."
"Karamu ya nani? Kwa dada yangu nacheza hadi asubuhi.
Kwa wakwe hata maji siombi."
Nikamsomea: "Husikia sauti ya mtu asiyekuwepo."
"Mama yangu. Alfajiri. Huniita kwa jina la utotoni.
Siku nisipoisikia ndiyo siku ya kunileta hapa."

Daktari Muthigani huunganisha nukta, zikawa milima.
"Tazama kilele hiki cha shaka," anasema,
na kidole chake kinapanda, kinapanda.
Si mtu mbaya. Ana vitabu, ana macho mekundu,
ana foleni mpaka kwenye ngazi.
Nikimwambia wastani wetu ulipimwa kwa watu
ambao hawajawahi kukimbia na bidhaa kichwani,
hujibu: "Lakini kipimo hakiyumbi.
Mpime leo, mpime Ijumaa, jibu ni lile lile."

Jibu ni lile lile.

Mama yangu aliuza mahindi Kangemi.
Alikuwa na gorogoro lake, mkebe wa mafuta ya kupikia,
na usiku mmoja nilimwona akiligeuza
akaligonga kitako kwa jiwe, polepole,
kama mtu anayebembeleza mtoto.
Kesho yake kila mnunuzi alipimiwa sawa,
mwenye haraka na mwenye maneno,
asubuhi na jioni, sawa sawa,
pungufu.
Wala halikuyumba hata punje.
Ada yangu ya chuo, miaka minne ya saikolojia,
ilitoka katika kibonde kile.
Kwa hiyo sitamki neno kipimo kwa sauti kubwa.

Kampuni ya ulinzi inataka ripoti saa kumi.
Wekulo ameomba kulinda lango la jumba la maduka,
asimame, kwa mara ya kwanza, upande wa wenye rungu.
Kilele chake cha shaka kimetoboa mstari.
Nimeandika pambizoni kwa penseli:
*anafuatwa kweli.*
Mashine haisomi pambizo.

Alipotoka aliacha kitu mezani:
soksi za kijivu, jozi moja, bado na lebo.
"Hizi zilibaki mfukoni. Vaa, sista, Julai hii ni kali."
Shukrani? Hongo? Mazoea ya mchuuzi?
Swali la mia mbili na nane linauliza hilo hilo:
"Huwapa watu vitu ili wanipende."
Nikafungua karatasi kutafuta alichojibu.

Nilikuwa nimeliruka.